Kiatu cha Mto Lukuga

Safari ya mto upitao katika nchi kavu, iwe ni jangwani kwenyewe au katika nchi iliyokaushwa na kiangazi hata ikashabihi jangwa, humkutanisha msafiri na maadui wawili wasiofanana, ambao humjia kwa zamu ndani ya siku moja: maji, ambayo tangu alfajiri huulainisha wayo mpaka ngozi ikawa nyeupe na yenye makunyanzi, na jua, ambalo ifikapo adhuhuri huupasha moto mchanga na mawe ya ukingoni kiasi cha kumnyima mtu mahali pa kukanyaga. Kiatu kilichoshonwa kwa ajili ya adui mmoja aghalabu humsaliti mwenye kukivaa mbele ya adui wa pili, na kwa sababu hiyo wale wanaojiandaa kwa kuhesabu unga, chumvi, sufuria na mahema, wakaliacha suala la kiatu mpaka siku ya mwisho, huwa wameianza hesabu yao mwishoni.

Wanaoshuka mto Colorado katika korongo kuu la Marekani, Grand Canyon, wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tangu bwawa la Glen Canyon lianze kuyazuia maji mwaka 1963, mto huo hutoka chini ya bwawa ukiwa baridi ya kutetemesha, ilhali ukingoni joto la mchana wa kiangazi hupita nyuzi 40 za sentigredi. Na waongoza mitumbwi wa huko hujifunza mapema kwamba mguu unaolowa na kukauka mara kumi kwa siku hupasuka kisigino na kuoza kati ya vidole. Karibu nasi zaidi, kaskazini mwa Kenya, mto Kerio uelekeao ziwa Turkana hulala miezi mingi ukiwa mchanga mtupu, kisha mvua ikinyesha katika milima ya mbali maji hushuka ghafla pasipo kumpa mtu hadhari. Na Waturkana wengi, ambao nchi yao imejaa miiba ya migunga na mawe ya volkano, hupendelea ndara zilizochongwa kutoka katika matairi ya magari, ziitwazo akala, kuliko viatu vingi vya dukani.

Mkazi wa Kalemie huenda akauliza ana shughuli gani na habari za jangwa, yeye alalaye akisikia mawimbi ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambalo duniani kote ni Baikal peke yake ilizidiyo kwa kina. Jibu li karibu naye. Kando ya mji wetu ndipo unapotoka mto Lukuga, mlango wa pekee ambao ziwa hili linao, na mtu akiufuata mto huo kuelekea magharibi mwezi wa Agosti au Septemba, wakati mvua imekwisha kuaga miezi mingi nyuma na nyingine haijabisha hodi, ataona nchi ambayo nusu yake ni maji na nusu yake ni majivu. Moto wa nyika huwa umepita, majani yameungua, kivuli kimekuwa haba, na ardhini vimebaki vishina vya nyasi, vifupi na vigumu, vyenye ncha kama misumari iliyopigwa kutoka chini. Maji yakipungua huacha fungu la mchanga hapa na jabali pale, na mtumbwi ulioelea vizuri asubuhi hukwama saa nne, wote wakashuka kusukuma. Mwenye kuvaa kiatu kibaya saa hiyo ndipo huanza kujuta.

Lukuga si mto wa kubembeleza. Luteni Verney Lovett Cameron, aliyefika mlangoni pake mwezi Mei 1874 akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao yule mashuhuri aliyewaongoza wapagazi wa misafara mingi, aliukuta umezibwa na magugu na matete hata chombo hakikuweza kupenya mbali. Na Henry Morton Stanley, alipoukagua mwaka 1876, naye hakuuona ukienda kama mito iendavyo. Miaka michache baadaye maji ya ziwa yaliyokuwa yakipanda yakakivunja kizuizi, na mwaka 1879 Edward Hore, baharia wa jamii ya wamishonari wa London, na Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, wakaushuhudia ukikimbia kwa nguvu kwenda kuutafuta mto Kongo, na ziwa lenyewe likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Thomson alitaka kuufuata mpaka mwisho wake, lakini alilazimika kurudi kabla hajafika. Tangu ziwani hadi unapoungana na Lualaba, kaskazini kidogo ya Kabalo, Lukuga hushuka takriban mita 200, na sehemu ya mteremko huo huja kwa maporomoko na miamba. Ndiyo maana Wabelgiji hawakuutegemea kwa meli, bali walijenga reli ya kilomita 273 kutoka Kabalo, iliyofika hapa mwaka 1915, siku ambazo mji huu uliitwa Albertville. Kwa hiyo anayesema anakwenda kuushuka Lukuga kwa mtumbwi hana budi kufahamu kwamba sehemu ya safari yake ataifanya kwa miguu, mtumbwi ukiwa begani au ukivutwa kwa kamba, na mzigo kichwani.

Historia ya nchi hizi ina ushahidi mzito juu ya miguu, ingawa wasomaji wengi huipita kwa haraka wakitafuta majina ya wafalme na tarehe za vita. Mwaka 1870, akiwa Bambarre katika nchi ya Wamanyema, kaskazini-magharibi ya hapa, Dakta David Livingstone, ambaye hamu yake yote ilikuwa kuufikia Lualaba, alifungwa ndani ya kibanda muda wa siku 80 hivi, na aliyemfunga hakuwa sultani wala jeshi, bali vidonda vya miguuni vilivyotokana na kutembea siku nyingi katika matope na maji. Ndivyo vidonda ambavyo kila hospitali ya mkoa wetu ingali ikivijua, na ambavyo watu huviita donda ndugu. Dawa pekee aliyoona inamfaa ilikuwa jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwa unyoya. Mtu aliyevuka bara zima, aliyestahimili homa na njaa na kukimbiwa na wapagazi wake, alishindwa na ngozi ya nyayo zake. Na mimi sijapata kusoma onyo lililo wazi kuliko hilo kwa mwenye kudhani kwamba viatu ni jambo dogo.

Na funza je? Mdudu huyu, ambaye wazee wengi wanadhani amekuwapo tangu kuumbwa kwa nchi, ni mgeni aliyeletwa na meli kutoka Brazili mwaka 1872, akashukia Ambriz katika pwani ya Angola, kisha kwa nyayo za wapagazi, askari na wafanyabiashara akalivuka bara lote, akipita katika nchi zetu, hata akaufikia mwambao wa Bahari ya Hindi kabla ya karne ile kwisha. Alisafiri kwa sababu watu walitembea pekupeku. Mpaka leo makao yake ni vumbi kavu la uani, la vibanda vya njiani na la vituo ambamo wasafiri hulala, na msimu wake wa nguvu ndio huo huo wa kiangazi ambao mtu huuchagua kwa safari ya mto. Basi anayevua viatu jioni akasema amefika, apumzishe miguu mitupu katika vumbi la kijiji asichokijua, huwa ameilinda miguu yake mchana kutwa na kuitoa sadaka usiku.

Baada ya hayo, nije kwenye shauri lenyewe. Rai yangu ni kwamba safari ya Lukuga yataka jozi mbili za viatu, na kwamba zote mbili hupatikana kwa fedha kidogo kuliko buti moja la kigeni: raba ya kitambaa kwa ajili ya majini, na ndara ya tairi, ile ambayo jirani zetu wa ng'ambo ya Kigoma huiita katambuga, kwa ajili ya nchi kavu.

Raba huchaguliwa kwa sababu hufunika vidole. Chini ya maji ya Lukuga mna mizizi, mna mianzi iliyovunjika, mna miiba ya samaki waliotupwa na wavuvi, na tangu ziwa lilipofurika mwaka 1878 na baadaye mara nyingine, hata katika miaka hii yetu ambapo maji yaliingia ndani ya nyumba za Kalemie, Uvira, Bujumbura na Kigoma, miti mingi iliyokuwa ukingoni imezama ikabaki humo na matawi yake. Kidole kitupu kikikutana na tawi la namna hiyo, mwenye nacho hatasukuma mtumbwi tena kwa juma zima. Lakini raba ya dukani hunywa maji ikayahifadhi, kwa hiyo kabla ya safari huchukuliwa msumari wa moto, yakatobolewa matundu mawili kila upande, karibu na soli, ili maji yanayoingia yapate njia ya kutoka. Kamba zake zifungwe fundo mbili, kwa sababu matope ya ukingoni huvuta kiatu kwa nguvu ambayo mtu haisadiki mpaka yamkute. Soksi za pamba ziachwe nyumbani. Zikilowa hazikauki na hukwaruza. Mwenye kupata soksi nyembamba za sufu, hata za mitumba, azichukue.

Katambuga ni kazi ya fundi, na fundi hodari, ambaye masoko yetu hayamkosi, hapokei kila tairi analoletewa. Kwanza hulipasua ubavuni alitazame ndani, kwani matairi mengi ya siku hizi yamefumwa kwa nyuzi za chuma, na nyuzi hizo, soli ikishalika, huchomoza na kuudunga wayo; yeye hutafuta lile lililofumwa kwa nyuzi za kitambaa. Akilipata humsimamisha mteja juu ya kipande cha mpira, huku uzito wote ukiwa juu ya mguu ule unaopimwa, akauzungushia chaki, kisha hukichovya kisu katika kopo la maji, maana mpira mkavu hukishika kisu na kukipotosha, akakata polepole nje ya mstari, akiacha upana wa kidole mbele ya ukucha ili jiwe likutane na mpira kabla halijakutana na nyama. Hutoboa matundu, akapitisha gidamu za mpira wa ndani, mbili zikipishana juu ya mguu na moja ikizunguka nyuma ya kisigino, akazikaza kwa misumari midogo ambayo ncha zake hukunjwa na kuzamishwa. Hapo mnunuzi mwerevu hulipa nusu ya fedha, akaingiza kiganja chake juu ya soli na kukipitisha taratibu kote, mara mbili, akizitafuta ncha zilizosahauliwa. Akiridhika humaliza kulipa. Gidamu ya kisigino ndiyo roho ya kiatu hicho. Ndara isiyo nayo ni ya kwendea msikitini au kanisani, si ya kushukia mlimani na debe la unga kichwani.

Sisemi kwamba katambuga haina ila. Juu ya jabali lenye ute wa kijani huteleza, na haimfai mtu anayevuka mkondo wa kasi. Hapo avae raba, ashike upondo au fimbo ndefu, akanyage kwa ubavu akiuelekea mkondo, wala asivushe mguu wa pili kabla wa kwanza haujapata mahali pake.

Viatu vingine nitavipita upesi. Buti la ngozi ni zuri kwa safari ya milima ya Marungu, lakini likilowa huwa zito, na mwenye kulianika kando ya moto usiku atalikuta asubuhi limepasuka na kukunjamana. Buti la mpira la mvua ni zuri shambani. Ndani ya mtumbwi ni hatari tupu, kwa sababu mtumbwi ukipinduka buti hujaa maji likamzuia mtu kuogelea, na kwa hiyo anayepanda nalo alivue kabla ya kuketi. Makubadhi ya ngozi, fahari ya watu wa pwani, yaachwe kwa Idi na arusi. Kandambili hufaa kwa kuogea tu.

Kiatu kipya, hata kikiwa bora namna gani, si kiatu cha safari. Kivaliwe majuma mawili kabla, kwenda sokoni, kwenda kazini, kwenda kuteka maji, na kilowe kisha kikauke mguuni, mpaka mahali kinapokwaruza pajulikane na ngozi ya hapo iwe ngumu. Lengelenge linalotokea Kalemie hutibiwa na mke au mama nyumbani. Lengelenge hilo hilo likitokea porini kati ya Niemba na Nyunzu, likaingia matope, laweza kuwa donda ndugu kabla ya kumfikia mganga. Na kila jioni, kabla ya kupika, msafiri aketi juu ya gogo au mkeka, asafishe miguu kwa maji yaliyochemshwa, aikaushe kwa kitambaa hasa kati ya vidole, aipake mafuta ya mawese visiginoni, kisha aitazame kwa mwanga ulio mzuri. Akiona kidoa cheusi kilichozungukwa na weupe, pembeni mwa ukucha au chini ya kisigino, huyo ni funza. Atolewe mzima kwa sindano iliyopitishwa motoni, tundu lisafishwe kwa dawa, na sindano hiyo isitumiwe kwa mwenziwe. Aliyechanjwa pepopunda kabla ya kuondoka amejifanyia ihsani kubwa. Usiku miguu ilale mikavu, wala viatu visiachwe wazi mdomo juu, kwa kuwa nge hupenda malazi ya namna hiyo, na asubuhi vikung'utwe.

Kuna jambo moja ambalo kiatu hakiwezi, na lazima lisemwe bila kuficha. Kichocho huingia mwilini kupitia ngozi, kwa vijidudu vitokavyo katika konokono wa maji yaliyotulia yenye magugu, na raba yenye matundu haiwezi kuvizuia. Inavyowezekana, mtumbwi uegeshwe mahali penye mkondo na mchanga, si penye magugu. Watu wasioge humo mchana, wakati vijidudu hivyo vimo kwa wingi. Na anayelowa ajifute mara moja. Wiki sita hadi nane baada ya kurejea aende akapimwe, maana dawa yake, prazikwanteli, ipo na inaponya. Kadhalika kipindupindu, ambacho mji wetu na mwambao huu wa ziwa umekizoea kwa muda mrefu mno, hakisubiri mvua: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, hata yakiwa maangavu kiasi gani, na chumvi na sukari ya kuchanganyia maji ya mgonjwa wa kuhara iwe ndani ya mfuko usioingia maji, pamoja na chandarua na dawa ya malaria.

Yaliyobaki katika maandalizi wazee wa mto huyajua kuliko mwandishi. Mwongozaji achukuliwe kutoka kijiji hadi kijiji, kwa sababu mtu wa Nyunzu hajui jabali lililo mbele ya mtu wa Kabalo. Mtumbwi utoke alfajiri na utie nanga kabla ya magharibi, kwani saa hiyo viboko hutoka majini kwenda malishoni, na kambi iliyopigwa juu ya njia yao ni kambi ya maombolezo. Nao mamba hawana saa. Kila mmoja awe na jaketi la kuokolea, aliyezoea kuogelea na asiyezoea, na mzigo ufungwe ndani ya madumu yenye vifuniko ili ukielea usipotee. Ruhusa ziombwe kwa wakuu wa utawala na wa uhamiaji kabla ya kuondoka, na katika kila kijiji mgeni ajitambulishe kwa mkuu wa mahali kabla hajatua mzigo. Bonde hili limeona ugomvi mwingi wa silaha, na hali ya usalama kati ya Nyunzu na Kabalo hubadilika. Anayepuuza habari za wasafiri waliorudi wiki iliyopita hafanyi ushujaa.

Nawasihi hasa vijana wa Kalemie, ambao wameanza kuutazama Lukuga kwa macho ya biashara ya wageni na ya matembezi, wasimchukue mgeni wala jamaa kwenye mto ule kabla hawajamwambia avue viatu vyake, wakavitazama soli, gidamu na kamba. Asiye na jozi mbili zilizokwisha kuvaliwa, arudishwe sokoni kwa fundi. Safari ingoje majuma mawili.